Wapangaji wa tumboni na sukari yao

Leo naomba radhi mapema kwa wale wanaonisikiliza wakiwa mezani, na kwa ninyi mtakaosoma maneno haya gazetini mkiwa na kikombe cha chai mkononi. Nitazungumza habari za choo. Si choo cha stendi, ambacho tumekwisha kukilalamikia mara nyingi katika kipindi hiki, bali kile tunachokiacha humo. Ni jambo ambalo Mswahili hulitafutia maneno ya kando: kwenda haja, kwenda msalani, kujisaidia. Adabu hiyo ni njema. Lakini nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba adabu ikizidi, nayo huua.

Kaka yangu mkubwa alifariki akiwa na umri wa miaka 51 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiona damu chooni na hakumwambia mtu. Si mkewe, wala si mimi mdogo wake ninayepata riziki kwa kusema. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Sisemi kwamba chakula ndicho kilichomwua. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo, na saratani ina sababu nyingi. Nasema tu kwamba tangu tulipomzika nyumbani, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu utumbo. Katika kusoma huko nikakutana na historia inayoanzia Berlin, ikapita jirani hapa Kampala, na ikaishia jikoni kwa mama yangu.

Nianze na jiko hilo, maana ndilo ninalolijua zaidi. Mama hupika ndizi mbichi pamoja na maharage, chakula ambacho kwetu huitwa kiburu. Hupika jioni, na kinachobaki hufunikwa. Sisi watoto tulipewa kiporo hicho asubuhi, kikiwa baridi, kabla ya kukimbilia shule. Nilipomaliza stashahada yangu ya uandishi wa habari na kupokea mshahara wa kwanza, nilipanda basi kwenda nyumbani na sembe nyeupe, mikate ya mjini na jamu. Nilitaka mama aachane na kile nilichokiita chakula cha shida. Alinishukuru sana, akanibariki, akaiweka sembe kabatini kwa ajili ya wageni. Yeye akaendelea na kiburu chake. Niliona kwamba mzee wangu hataki maendeleo.

Sasa twende Berlin. Mwaka 1804 mfamasia aitwaye Valentin Rose alichemsha mizizi ya mmea wa Ulaya ambao kwa Kilatini huitwa Inula helenium. Maji yalipopoa, aliona unga mweupe umetulia chini. Ulifanana na wanga, lakini haukuwa wanga. Baadaye unga huo ukapewa jina la inulini, kwa kufuata jina la mmea. Leo tunajua kwamba ni mnyororo wa sukari ya matunda, yaani fruktosi, vipande vingi vikiwa vimeshikana mkono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Mmea huiweka inulini akiba, kama mkulima anavyoweka mahindi ghalani.

Wala si mmea huo peke yake. Sukari za ukoo huo zimo katika vitunguu maji, kiasi cha gramu 2 hadi 6 katika kila gramu 100. Katika kitunguu saumu zinafika gramu 9 hadi 16. Zimo katika ngano, na kidogo katika ndizi. Zimejaa katika mizizi ya chikori, ule mmea ambao Wazungu walizoea kuukaanga na kuusaga uwe mbadala wa kahawa.

Ajabu ya sukari hii ni kwamba mlaji haipati. Mwaka 1874 daktari Mjerumani aliyeitwa Külz aliwalisha wagonjwa wa kisukari inulini, naye hakuona sukari ikitokea katika mikojo yao. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa figo wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Walimdunga mtu inulini katika mshipa, wakaikuta yote inatoka katika mkojo kama ilivyoingia. Mwili haukuigusa. Basi wakaifanya kipimo cha kujua figo zinachuja damu kwa kasi gani. Kwa wasomi wengi wa zama hizo, inulini ilikuwa mpita njia tu: huingia, hutoka, haina habari na mtu.

Wasikilizaji wapenzi, tuiache sukari hiyo hapo kwa dakika chache, tuvuke Ziwa Victoria hadi Hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo alifanya kazi daktari Mwingereza, Hugh Trowell, ambaye alikuwa amekuja Afrika Mashariki mwaka 1929. Alitumia miaka mingi akiwatibu watoto wenye kwashakoo. Lakini aliona pia jambo jingine: magonjwa fulani yaliyokuwa ya kila siku huko kwao hakuyaona kwa wagonjwa wake Waganda. Mwaka 1960 alitoa kitabu kikubwa juu ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza katika Afrika.

Mulago hiyohiyo alikuwepo daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto wa miaka 11. Huyu ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani ya taya za watoto ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Burkitt alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na ramani, kalamu na maswali.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikuta wodi zimejaa magonjwa ambayo Mulago aliyaona kwa nadra: kidole tumbo, mawe katika nyongo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana. Akajiuliza: tofauti ni nini? Akaziandikia barua hospitali za misheni za vijijini, Afrika na Asia, akiuliza wagonjwa wa aina hiyo ni wangapi. Halafu akafanya jambo ambalo wenzake wengi wangeona haya kulifanya. Akaanza kupima vyoo vya watu.

Matokeo yalichapishwa Desemba 1972 katika jarida la madaktari la Lancet, yeye akiwa pamoja na Walker wa Afrika Kusini na Painter wa Uingereza. Watu walimezeshwa vidonge vidogo vya plastiki vinavyoonekana katika eksirei, kisha wakahesabu saa hadi vidonge vitoke. Kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza, safari ile ilichukua takriban saa 76, na choo chao cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 110 hivi. Kwa wanakijiji wa Uganda ilichukua saa 36, na choo kilikuwa gramu 470. Naam, karibu nusu kilo. Burkitt alipenda kuwaambia wasikilizaji wake kwamba nchi yenye choo kidogo hulazimika kujenga hospitali kubwa.

Sababu aliyoitoa ilikuwa nyuzinyuzi, yale makapi ya nafaka, maharage, mizizi na mboga ambayo mashine za kusaga huyaondoa. Yeye na Trowell walihariri pamoja kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1975. Kwao nyuzinyuzi zilikuwa kama ufagio: zinanyonya maji, zinajaza utumbo, zinasukuma uchafu nje upesi.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, lakini haikukamilika. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Cambridge, Alison Stephen na John Cummings, walichunguza choo kina nini hasa ndani yake. Wengi walidhani ni mabaki ya chakula. Wakakuta kwamba, maji yakiondolewa, zaidi ya nusu ya kilichobaki ni bakteria. Ukila aina fulani za nyuzinyuzi, choo huongezeka kwa sababu bakteria wamekula, wameshiba na wamezaana. Ufagio ule, kumbe, ulikuwa pia sahani ya chakula.

Hapo ndipo ile sukari yetu ya Berlin inaporudi. Utumbo wa binadamu umepangisha. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya chembe za mwili wenyewe. Vimeng'enya vyetu haviwezi kuikata inulini, kwa hiyo inapita utumbo mwembamba salama salimini. Ikifika kwa wapangaji, wao wana makasi yake. Wanaikata, wanaichachua, wanaishi kwayo. Na kama wapangaji wema, wanalipa kodi. Kodi yenyewe ni asidi fupi za mafuta, na mojawapo huitwa butireti. Mwaka huohuo wa 1980 daktari William Roediger alionyesha kwamba chembe zinazotandika ukuta wa utumbo mpana hutegemea zaidi butireti kwa nguvu zao. Yaani ukuta wa nyumba hulishwa na mpangaji. Mpangaji akikosa chakula, ukuta nao unapungukiwa.

Maharage nayo yana hadithi hiyohiyo. Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Bakteria wanapozila, hutoa gesi. Kwa hiyo ule upepo unaowafanya watoto wacheke darasani baada ya chakula cha mchana ni ishara kwamba wapangaji wamepokea posho.

Na kiporo je? Wanga wa ndizi ikiwa mbichi ni mgumu kumeng'enywa. Ukiipika, wanga hulegea na mwili huuchukua kirahisi. Lakini ikipoa, sehemu ya wanga huo hujipanga upya na kukaza, na vimeng'enya vyetu huushindwa tena. Ndivyo ilivyo hata kwa viazi. Mtafiti Hans Englyst ndiye aliyeupa jina, mwanzoni mwa miaka ya 1980: wanga sugu. Si sukari ya ukoo wa inulini, lakini mlango wake ni uleule na wanaoula ni walewale. Niliposoma habari hizo nilikumbuka sahani ya bati, asubuhi yenye ukungu, na mama akituhimiza tumalize. Hakujua neno wanga sugu. Alijua kwamba chakula hakitupwi.

Jina la jumla la vyakula hivi vya wapangaji lilikuja mwaka 1995. Glenn Gibson wa Cambridge na Marcel Roberfroid wa Ubelgiji waliandika makala wakiviita pribayotiki, yaani vyakula ambavyo mlaji havimeng'enyi, bali huwakuza bakteria wenye faida kwake. Mwaka huohuo Gibson na wenzake walichapisha jaribio dogo. Watu 8 walibadilishiwa gramu 15 za sukari ya kawaida kwa siku, wakapewa gramu 15 za sukari ya ukoo wa inulini, kwa siku 15. Bakteria aina ya bifidobakteria wakaongezeka waziwazi. Hao ni walewale ambao Henry Tissier wa Paris aliwaona tangu mwaka 1899 katika vinyesi vya watoto wanaonyonya. Na hata maziwa ya mama, tunajua sasa, yana sukari nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Mama anaponyonyesha analisha wawili: mtoto, na wapangaji wa mtoto.

Je, dhana ya Burkitt imewahi kujaribiwa kwa watu wa pande mbili? Ndiyo. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Stephen O'Keefe lilitoa matokeo ya jaribio ambalo naliona kama mchezo wa kubadilishana sahani. Wamarekani Weusi 20 walipewa mlo wa kijijini Afrika Kusini wenye nyuzinyuzi tele, na watu 20 wa vijijini huko wakapewa mlo wa Kimarekani wenye nyama na mafuta. Wiki 2 tu. Kwa Wamarekani butireti ilipanda mara mbili na nusu, na dalili zinazohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana zikapungua. Kwa Waafrika butireti ilishuka hadi nusu, na dalili zile zikaelekea kubaya. Wiki 2, wasikilizaji wapenzi.

Na mwaka 2025 habari ilifika kwetu kabisa. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha jaribio la vijana wa kiume 77 wa Tanzania. Waliozoea mlo wa asili wa kijijini walipewa mlo wa Kizungu kwa wiki 2. Wa mjini wakapewa mlo wa asili wa Kilimanjaro. Kundi la tatu wakanywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa Kizungu, alama za uvimbe wa ndani kwa ndani zilipanda katika damu yao, na chembe za kinga zikawa nzito kuitikia vijidudu. Waliorudi kwenye mlo wa asili, na wale wa mbege, uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Jaribio lilikuwa fupi, na la wanaume peke yao. Lakini nililisoma mara tatu, kwa sababu nilikuwa nasoma juu ya meza ya mama yangu.

Sasa niseme linaloniumiza. Wale wanakijiji wa Uganda wa mwaka 1972 hawakutajwa majina katika makala ile. Walitoa walichotoa, kikapimwa, elimu ikapatikana. Elimu hiyo ikaenda Ulaya, na huko Ubelgiji viwanda vikaanza kukamua inulini kutoka katika mizizi ya chikori kama vinavyokamua sukari. Leo unga huo unatiwa katika mtindi, biskuti na maziwa ya watoto, na kuuzwa katika maduka makubwa kwa jina la afya ya tumbo. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi. Katika miaka ileile ambayo wenzetu walikuwa wakigundua thamani ya sahani yetu, sisi tulikuwa tukiikimbia. Dona ikawa chakula cha shule na jela, sembe ikawa heshima. Chipsi ikawa chakula cha mchana. Na mimi sijitoi: nimesoma kwa sauti hii mnayoisikia matangazo mengi ya mkate mweupe na soda, na nililipwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye mapango. Mlo wa zamani haukuwa pepo. Trowell huyohuyo aliwaona watoto wakivimba miguu kwa kukosa lishe ya kutosha, na wengi waliharishwa na maji machafu kabla hawajafikia umri wa kupata saratani yoyote. Dona iliyosagwa kwa mahindi yaliyovunda inaweza kubeba sumukuvu. Kiporo kisichofunikwa, au kilichoachwa kwenye joto, kinaweza kukuhara. Wala si kila tumbo linapatana na vitunguu na maharage. Wapo ambao sukari hizi huwajaza gesi na maumivu, na hao wamsikilize daktari wao. Mwenye kuanza aanze kidogo kidogo, na maji ya kunywa yawepo. Na anayeona damu chooni asijitibu kwa maharage wala kwa unga wa chikori. Aende hospitali wiki hii. Aseme kwa maneno yoyote anayoyaweza, ya kando au ya moja kwa moja, lakini aseme.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Safari hii sikubeba sembe. Niliamka mapema nikaingia jikoni, nikafunua sufuria. Mama alinitazama nikipakua kiporo, akaniuliza, «Mwanangu, mjini hali zimekuwa mbaya kiasi hicho?» Nikamjibu kwamba hali si mbaya, ila madaktari wa Ulaya na wa Moshi wamekubaliana na yeye. Alicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kaka yako naye alikuwa akikipenda sana kiporo hiki, kabla hajawa mtu wa mjini. Hatukuongeza neno. Tulikula.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia tumbo jema.